Kura Kumi za Kichochoro Chetu

Baraza ya mawe iliyo mkabala na mlango wangu, katika kichochoro chetu cha Mji wa Kale, ilijengwa na watu waliopenda kukaa juu. Siku hizi wanaume wakiketi pale magoti yawafika kifuani, na kuinuka ni mpaka mmoja amvute mwenzake. Baraza haikushuka, njia ndiyo iliyopanda. Kila anayekuja kuitengeneza hutandika kipya juu ya kikuukuu: lami juu ya mawe, zege juu ya lami, matofali ya kabro juu ya zege, kwa sababu kuchimbua ni kazi na kutandika ni rahisi, na hakuna mtu wa hapa anayeulizwa wala kutia sahihi. Mimi hukaanga viazi karai mlangoni kwangu kila siku baada ya sala ya alasiri, na wao hunywa kahawa upande wa pili, hatua tano kutoka kwenye karai langu. Kwa hivyo nasikia kila kitu, nipende nisipende.

Wenye baraza ni watatu. Kamaludin twamwita Jaji, kwa kuwa alikuwa karani wa mahakama miaka arubaini. Hakuhukumu kesi hata moja lakini alibeba mafaili ya zote. Faiz ni Injinia. Hutengeneza feni na pasi, na hajawahi kujenga hata banda la kuku. Huzaifa ni Balozi, aliyeendesha gari la mkate Muskati miaka miwili, akarudi na rai juu ya kila kitu. Wa nne ni Kitsao, mwenye dele, birika lake la kahawa. Yeye ametoka Kaloleni na amekaa chumba cha chini cha nyumba ya Jaji miaka ishirini na miwili, lakini wenzake wakikasirika bado humwita mgeni.

Kitsao ana jambo moja wanalomchekea. Akishasuza vikombe hamwagi maji ya ndoo pale alipo. Huyabeba mpaka kwenye mtaro wa mwisho wa kichochoro, hatua mia na zaidi, kisha arudi. Balozi husema Kitsao ndiye mtu pekee Mombasa anayesafirisha maji machafu.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, siku ya kura ya njia. Wapiga kura wa wadi yetu waliulizwa jambo moja: njia ndogo za mitaani ziendelee kusimamiwa na ofisi peke yake, au zisimamiwe na kamati ya wakaazi, ambayo bila sahihi yake mkandarasi halipwi? Kura ingepigwa hadharani, kichochoro kwa kichochoro, mbele ya afisa. Kichochoro kisichotoa wapiga kura kumi hakihesabiwi, na njia yake yabaki ilivyo. Yote hayo yalikuwa kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani wiki mbili nzima. Afisa angekuja saa kumi, na saa kumi na moja angeondoka kwenda vichochoro vya Makadara.

Mimi sikuwa na maoni mengi juu ya usimamizi wa njia. Nilikuwa na mama mkwe.

Bi Swabaha ana miaka sabini na minane. Nyumba hii aliirithi kwa babake na alizaliwa ndani yake. Utotoni mwake mlango huu ulipandwa kwa ngazi tatu. Nilipoolewa mimi ilikuwa imebaki moja. Sasa mtu akitoka njiani kuingia kwetu hushuka, na asipoinama hugonga kichwa. Mama mkwe hulala chumba cha chini kwa sababu magoti yake hayapandi tena ghorofani. Masika ya mwaka jana maji yaliruka kile kijikuta cha saruji alichojenga mume wangu kizingitini, yakaingia chumbani mwake, yakafika kwenye godoro. Alikaa juu ya meza mpaka yalipotekwa yakaisha. Tangu siku hiyo kitanda chake kiko juu ya matofali, manne kila mguu. Nilijaribu la tano, kikayumba. Na masika yalikuwa yamebakisha wiki tatu.

Basi nilikuwa nimefunga kitambulisho changu pindoni mwa leso, nikikaanga, nikingoja saa kumi. Barazani walikuwa wamekwisha kuanza. Wote watatu walivaa kanzu zilizopigwa pasi.

– Tuelewane mapema, alisema Jaji. Kamati isiyo na katiba ni genge.

Katiba yenyewe alikuwa ameiandika kwenye daftari la shule, vifungu arubaini, kwa mwandiko mzuri wa mahakamani. Kifungu cha kwanza kilisema kila aingiaye kichochoroni atoe salamu.

– Na asiyetoa? aliuliza Kitsao.

– Atarudishwa mwanzo wa njia, aingie upya.

– Akiwa na haraka?

– Mwenye haraka apite barabara kubwa.

Balozi akasema hilo ni dogo. Muskati, alisema, njia za ndani huoshwa kwa sabuni, na wanaoziosha wana sare. Kichochoro chetu kina heshima kubwa kuliko kile alichokaa yeye kule, kwa hivyo tuanze na lango. Mtu wa Ganjoni au wa Tononoka akitaka kupita, aje na barua.

– Dada yangu mdogo ameolewa Tononoka, alisema Jaji.

– Huyo atapewa ya kudumu.

– Na wateja wangu wa viazi? niliuliza mimi.

– Hao watapita kwa idhini ya ubalozi, Mama Lamis. Usiwe na wasiwasi.

Injinia alikuwa kimya mpaka hapo, na Injinia akinyamaza huwa ana kitu. Aliweka kikombe chini, akatuambia twawalaumu wakandarasi bure. Njia haikupanda kwa kabro wala kwa zege.

– Kisiwa chavimba, yakhe.

– Chavimba kwa nini?

– Chumvi. Hili jiwe letu la chini lina vitundu. Likinywa maji ya bahari lafura, kama mkate kwenye chai. Mwaka baada ya mwaka, kidogo kidogo. Kiteni rula pale, mtaona.

– Mbona nyumba hazipandi pamoja nacho?

– Nyumba ni nzito, Kitsao. Wewe waweza kuvimba ukamwinua Balozi?

Akaendelea. Dawa si kuishusha njia, maana itavimba tena. Dawa ni kuzipandisha nyumba. Jeki nane kila nyumba, zile za malori, na wanaume wanane wenye nguvu. Filimbi ikilia, kichochoro kizima kipande siku moja, kwa pamoja, ili ukuta usimvute mwenzake.

– Na sisi tulio ndani? niliuliza.

– Mtakaa kitako, mshike kitu.

Jaji aliona ni wazo lenye gharama lakini halikatazwi na katiba, akaandika pembeni mwa daftari. Kisha wakagawana vyeo kwa mara ya tatu wiki ile. Jaji mwenyekiti. Balozi uhusiano mwema na vichochoro jirani. Injinia mkuu wa ufundi na jeki. Kitsao walimpa viburudisho. Akawauliza kama si kazi hiyo hiyo anayoifanya sasa, wakamwambia sasa itakuwa rasmi.

Sisemi haya kwa dharau. Wageni wenye kamera wakipita, wanaume hawa huwaonyesha kila mlango wa nakshi kana kwamba waliuchonga wao. Mtu akifa nyumba ya mwisho, nyumba ya mwanzo ndiyo ipikayo. Taka hazilali kichochoroni kwetu kuamkia Ijumaa, na hakuna aliyeandika kifungu juu ya hilo. Nami najivunia mahali hapa kama wao. Ila mimi nina karai motoni.

– Ami Kamaludin, nilisema, na maji yaingiayo kwetu yamo humo?

– Yamo, Mama Lamis. Kifungu cha thelathini na moja.

– Chasemaje?

Alipekua, akapata, akasoma kwa sauti ya mahakamani.

– Maji yatashughulikiwa.

Saa kumi na dakika kumi aliingia msichana mwembamba, viatu vimejaa vumbi, tableti kwapani na mwavuli mkononi. Alijitambulisha kwa jina la Ndinda, afisa wa kura. Aliwasalimia wazee vizuri, mmoja mmoja, na nikamwona Jaji akifurahi kwamba kifungu cha kwanza kimefanya kazi hata kabla hakijapitishwa. Kitsao alimpa kahawa. Alikunywa akiwa wima, akaomba vitambulisho vya wanaopiga kura, aanze kuhakikisha majina.

Wote watatu walikuwa navyo tayari mfukoni mwa kanzu. Jaji alitoa chake kwa mikono miwili. Ndinda akaandika nambari, akangoja, akaisoma tableti.

– Mzee, wewe umesajiliwa Likoni.

Ndinda akachukua cha Injinia.

– Likoni.

Akachukua cha Balozi, akabonyeza, akabonyeza tena kama aliyedhani chombo kimeharibika.

– Huyu pia Likoni.

Hapo nikakumbuka, nao wakakumbuka. Kulikuwa na mwenzao wa tano kwenye baraza ile, Chirau, mshona kofia. Alikaa nao miaka thelathini, kisha akahamia kwao Likoni, na uchaguzi uliopita akajitokeza kugombea udiwani kule. Baraza ilikutana. Wakaamua kwamba mtu wao hatasimama peke yake kati ya watu wasiomjua. Wanaume wote wa kichochoro, kumi na wawili, na mume wangu akiwemo, walikwenda kuhamisha kura zao. Siku ya kupiga walivuka feri na kanzu nyeupe na chupa mbili za kahawa. Chirau alipata kura mia mbili na tatu. Aliyeshinda alipata elfu nne. Mpaka leo Injinia husema kwa fahari kwamba kumi na mbili kati ya zile zilikuwa zetu.

Wakati ule walitutaka na sisi wanawake tuhamishe. Tuliwaambia tunapika pilau ya kampeni yao na hatuna siku ya kupanga foleni. Baada ya hapo nilidhani wamejirudisha. Mume wangu nilimwuliza mara moja, akasema atakwenda wiki inayofuata, na kwa mfanyakazi wa bandarini wiki inayofuata haiji. Nami sikumwuliza tena. Kosa hilo ni langu pia.

– Basi hapa nani anapiga kura? aliuliza Ndinda.

Aliuliza kwa upole, kama mtu aulizaye njia. Jaji alitazama daftari lake. Balozi alitazama mwisho wa kichochoro, kule ambako lango lingewekwa. Injinia alikiinua kikombe chake kitupu, akanywa.

Nikazima jiko. Viazi vilivyokuwa ndani ya mafuta nikaviacha vilivyo.

– Mimi, nilisema, nikaifungua leso. Bado wangapi?

– Tisa, dada. Na sasa ni saa kumi na robo.

Nilianza ndani kwangu. Lamis, binti yangu mkubwa, ana miaka kumi na tisa na kadi aliichukua mwaka jana. Alikuwa akifua, akaja na mikono ina povu. Wawili. Nikagonga kwa Injinia. Mkewe, Mwanakhamis, alikuwa kwenye cherehani, akaniuliza kwani wanaume wako wapi. Nikamwambia wako Likoni. Alifahamu mara moja, akamwita na mkwewe, mke wa mwanawe. Wanne. Fadhiya wa Balozi alishuka na mwiko mkononi, na alipopita mbele ya mumewe hakumtazama. Watano. Dada zake Jaji, wale wajane wawili wa ghorofa ya juu, waliteremka pole pole na buibui zao, mmoja akisema kila ngazi kwamba alijua, alijua, alijua. Saba.

Truphosa, mpangaji wetu wa juu, ni muuguzi na alikuwa amelala, maana zamu yake ni ya usiku. Kwao ni Vihiga lakini yuko nasi mwaka wa saba. Niligonga mpaka alipofungua, jicho moja limefumba.

– Ni Bi Swabaha? aliuliza. Amezidiwa?

– Ni kura ya njia. Kadi yako iko hapa au nyumbani?

– Hapa. Mimi ndiye ninayemfunga magoti yule mama, nipigie kura wapi?

Wanane. Hakukuwa na mlango mwingine. Nyumba mbili za mwisho zimefungwa, wenyewe wako ughaibuni. Nilirudi barazani pumzi juu. Ndinda alikuwa ameandika wote wanane, akatazama saa yake, akanitazama mimi. Alisema anasikitika. Aliona aibu kulisema, nikajua hasemi ovyo.

– Mimi hukuniuliza, alisema Kitsao.

Alikuwa amechuchumaa mbele ya dele, akipuliza makaa. Ndinda akapokea kitambulisho chake, kimepindika kwa jasho la mfuko wa nyuma.

– Umesajiliwa hapa, alisema.

– Siku waliyokwenda kuhamisha mimi nilikuwa nauza kahawa, alisema Kitsao. Halafu mgeni ahame mara ngapi?

Jaji aliinama. Tisa.

Wa kumi nilimjua tangu mwanzo, na kwa kweli nilikuwa namkwepa. Nilimwambia Ndinda kwamba yuko mmoja ndani, hawezi kupanda njiani, je aweza yeye kushuka amwandikie kitandani? Alifikiri, akasema sheria yataka hadharani lakini kwa mgonjwa ataingia na shahidi. Tukashuka. Nilimwonya juu ya kizingiti na bado alijikwaa. Alisimama katikati ya chumba, akatazama kitanda kilichopanda juu ya matofali, akatazama mstari wa maji ukutani, usawa wa goti lake. Aliukunja mwavuli wake vizuri, akamsalimia mama mkwe.

Bi Swabaha alikuwa amesikia yote, kwa kuwa dirisha lake liko usawa wa miguu ya wapitao.

– Sipigi kura nimelala, alisema. Nipeni buibui langu, na leso ile ya kutokea.

– Mama, saa imekwenda, nilimwambia.

– Basi usisimame.

Nikamvisha. Truphosa akamfunga magoti. Kilichobaki ni kumtoa. Nilipanda mlangoni, nikawatazama wanaume watatu kwenye baraza, kanzu zao nyeupe na mikono yao mitupu.

– Kiti chake ni kizito, nilisema. Njooni.

Walikuja. Injinia aligonga kichwa kwenye linta ya mlango, kama nilivyojua. Miaka yote hiyo ya kukaa hatua tano kutoka kwetu, hakuna kati yao aliyekuwa ameingia chumba kile. Ni chumba cha mwanamke, na hawakuwa na sababu. Balozi alitazama kitanda. Injinia aliinama, akashika tofali moja, akalitikisa, kisha akaweka kiganja juu ya mstari wa ukutani akakiacha hapo. Nilingoja aniambie kuhusu chumvi. Hakuniambia.

– Shikeni miguu ya nyuma, alisema Jaji kwa sauti ya chini. Mimi nitashika mbele.

– Ami, wewe una mgongo, alisema Injinia.

– Nimesema nitashika mbele.

Walimtoa. Alipofika kizingitini walimwinua juu kabisa, maana hakuna njia nyingine, na Bi Swabaha akatoka nyumbani kwa babake kama mtu anayetolewa kisimani, amekaa wima, leso imepangika, akiwaamuru wasimkwaruze ukuta. Hawakumweka chini njiani. Jaji aliwaelekeza mpaka kwenye baraza, wakamketisha pale katikati, mahali pake yeye Jaji. Wanawake hatukai barazani mchana.

Bi Swabaha aliitazama miguu yake. Ilikuwa imekanyaga chini yote, visigino na vidole.

– Nilikuwa nikikaa hapa na baba, alisema. Miguu haikufika.

– Ulikuwa mtoto, Bi Swabaha, alisema Balozi kwa heshima.

– Ya baba pia haikufika. Naye alikuwa mrefu kuliko wewe.

Ndinda akaanza kuita majina. Kila mmoja alisema neno lake kwa sauti, mbele ya wote: kamati. Lamis alilisema haraka kwa kuona haya. Fadhiya alilisema akimtazama mumewe. Mwanakhamis alitaka kujua kama kamati itakuwa na katiba, akaambiwa si lazima, akasema basi kamati. Kitsao alisimama, akavua kofia, akasema. Bi Swabaha alikuwa wa mwisho.

– Wakija tena na mawe yao, aliuliza kabla ya kujibu, nani atasimama hapa awaambie wachimbue kwanza?

Ndinda akasema ni swali zuri, kwa sababu lazima aandike jina la mwakilishi, na lazima awe miongoni mwa waliopiga kura. Nyuso zilinigeukia mimi. Nilijua zitageuka. Nikawaambia ukweli: asubuhi niko sokoni, mchana niko jikoni, alasiri niko kwenye karai, na jioni nina watoto watatu. Mkandarasi akija saa nne mimi sipo. Nikasema tunaye mtu aliye hapa siku zote, na anajua kila maji ya kichochoro hiki yaendako.

– Kitsao, nilisema.

– Mimi? Mimi nauza kahawa.

– Kila siku wabeba ndoo yako mpaka mtaroni. Kwa nini humwagi hapa?

Alikuwa amekwisha kuanza kuvikusanya vikombe. Aliona aibu kujibu mbele ya watu.

– Nikimwaga hapa yaenda mlangoni kwa bibi, alisema. Niliyaona siku ya kwanza. Njia yainamia huko.

Kwa hivyo miaka yote ile wanaume walibishana juu ya njia, na aliyewahi kuipima ni mmoja tu, kwa maji ya kusuzia vikombe.

– Basi kamati, alisema Bi Swabaha. Na huyo.

Jaji alimpa Ndinda kalamu yake mwenyewe ya wino ili Kitsao atie sahihi, na alipomaliza alimshika mkono, asiuachie upesi. Kura kumi, zote upande mmoja. Saa ilikuwa kumi na dakika hamsini na mbili. Ndinda alisema vichochoro vitatu alivyopita kabla yetu havikufika kumi, na akatuonyesha sisi wenyewe kwenye tableti, mstari wetu, na tarakimu yetu. Sikujua kwamba tarakimu yaweza kumfanya mtu asimame wima hivyo. Hata wale wa Likoni walisimama wima, na niliwaacha. Walikuwa wamembeba Bi Swabaha.

Kitsao alisema lazima wapiga kura wanywe. Akaanza kwa Bi Swabaha, akaja kwangu, akazunguka kwa dada zake Jaji, kwa Truphosa aliyepiga miayo mpaka machozi yakamtoka, kwa wasichana. Cha mwisho akampa Ndinda, naye akakinywa akitembea, kwa kuwa Makadara walikuwa wakimngoja. Jaji aliponyoosha kikombe, Kitsao alililaza dele mpaka likatazama chini. Tone moja lilitoka.

– Imekwisha, mwenyekiti, alisema.

– Si mwenyekiti, alisema Jaji.

Mafuta yangu yalikuwa yamepoa na viazi vimenywa mafuta, havifai kuuzwa. Nikawapa wanaume. Walikula vyote, na Balozi alisema Muskati havipatikani.

Kitsao alisuza vikombe kumi na kitu, akajaza ndoo maji meusi, akaiinua kama kila siku. Injinia aliinuka barazani bila kuvutwa na mtu. Aliichukua ndoo mkononi mwa mwakilishi wetu, akashika njia kuelekea mtaroni, kanzu yake nyeupe na ndoo ikimpiga mguuni. Nilimtazama mpaka alipofika mwisho, kwa sababu namjua. Hakumwaga njiani.